Mlango wa Chumba cha Mvuke

Prof wa Deseni hakuvumilia gurudumu lisilozungusha kitu. Hilo ndilo la kwanza ninalolikumbuka nikimfikiria, kabla ya koti lake la kahawia, kabla ya wembe aliochongea penseli, kabla hata ya sauti yake, iliyokuwa nyembamba mno kwa mwili mkubwa kama ule. Siku tuliyomwonyesha picha za mji wetu wa kubuni, Muhindo na mimi, alizitazama kwa adabu moja baada ya nyingine, halafu akaweka kidole juu ya gurudumu la shaba lililopamba mnara wa saa.

"Hii inazungusha nini?"

Muhindo, aliyezichora, alijibu kwamba inapendeza.

"Sikuuliza kama inapendeza. Bibi-arusi pia anapendeza, lakini kesho atachota mayi. Hii gurudumu inazungusha nini?"

Halikuzungusha kitu. Akageukia watu tuliowachora barabarani, wenye kofia ndefu na miwani ya ngozi iliyofungwa juu ya paji la uso. "Na hawa? Juu ya nini wote wanavaa miwani ya kuchomelea chuma, na hakuna mutu anachomelea?" Muhindo alinitazama mimi, nami nikatazama dirishani, ambako kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, alikuwa anashusha magunia ya makaa kwa jirani.

Tulikuwa tunatengeneza mchezo wa video. Nasema hivyo kwa urahisi sasa, lakini kule Katoyi, mtaa wetu mjini Goma, ukimwambia mtu kwamba unatengeneza mchezo wa video, alikuuliza kwa huruma kama wazazi wako wanajua. Mchezo wetu ulikuwa wa mji ambao umeme haukuwahi kufika. Hapo kila mtu alicheka na kusema basi ni Goma. Tukaeleza tena: mji unaoendeshwa wote kwa mvuke, na mvuke wenyewe unatoka chini ya mlima wa moto, unapita katika mabomba ya shaba, unasukuma tramu, vinu vya unga, kengele za kanisa, hata viti vya vinyozi. Ulimwengu wa namna hiyo, wa shaba na mvuke na magurudumu ya meno, hatukuuvumbua sisi. Vijana wa nchi nyingi wanaupenda. Sisi tuliongeza mlima tu, kwa sababu mlima tulikuwa nao.

Prof alikuwa ametufundisha sote wawili uchoraji wa mashine, ile deseni, katika shule ya ufundi, na tulipokosa mahali pa kufanyia kazi alitupa chumba cha nyuma cha nyumba yake ya mbao. Tulimwendea na ombi dogo. Ndani ya mchezo mkubwa kunakuwa na mafumbo, michezo midogo ambayo mchezaji lazima aifumbue ndipo aendelee na safari yake. Letu moja lilikuwa la chumba cha mvuke: mchezaji anaingia chumba chenye tangi na vali nyingi, na anatakiwa kugawa mvuke kwa mitaa ya mji bila tangi kupasuka. Tulitaka atuchoree mabomba, basi. Akatwaa fumbo lote, na nusu ya siku zetu.

Binti yake, ambaye aliolewa Kampala, hakutupenda kwa sababu hiyo. Alimpigia simu kila Jumapili baada ya misa, na Prof alikuwa na tabia ya kuweka simu mezani na sauti juu, kwa hiyo tuliyasikia yote. Vita vilikuwa Rutshuru, vilikuwa Masisi, vilikuwa vinakaribia. Binti alitaka baba yake aondoke Goma kabla havijafika. Mzee alikuwa peke yake, mjane, mwenye miguu inayovimba, na hakuwa na mtu wa kumwangalia.

"Papa, utakuya lini?"

"Nikimaliza hii mashine. Niko na kazi na batoto."

"Batoto gani? Bale bakubwa na ndevu?"

Mimi sina ndevu, lakini niliona si wakati wa kujitetea. Simu ilipokatika, Prof alirudi kwenye mchoro wake na kuongeza vali moja. Nilichukua muda kuligundua hilo: kila binti alipoomba, mashine iliongezeka. Mwisho Muhindo alisema tukimwacha hivyo, chumba cha mvuke kitakuwa na vali nyingi kuliko mji wenyewe una watu.

Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zake hazikuafikiana. Alihubiri utaratibu, kopo la chumvi na kopo la sukari yalikuwa na maandishi yaliyonyooka kama ya kitabu cha shule, lakini mara nyingi chumvi ilikuwa ndani ya kopo la sukari, na ole wako ukiuliza. Alisifu ukimya, na redio yake ilisikika hadi njia ya pili. Alienda misa bila kukosa, akatoka kabla ya matangazo, kwa hoja kwamba Mungu hana matangazo. Alichukia kamari na kila aina ya udanganyifu, na kwenye dama aliiba bila haya. Kete yako ilihama wakati unapiga chafya. Ukimshika mkono alisema kwa utulivu, "Nilikuwa naona kama uko macho."

Darasani alifundisha akiwa amesimama nyuma yetu. Sikumbuki akimwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Alikuja taratibu, akakuinamia na harufu yake ya penseli na dawa ya kuchua miguu, akasema, "Anza na kona ingine." Wengine walidhani ni upole. Mimi nadhani ilikuwa njia yake ya kutupiga, maana hakuna adhabu kama kuanza na kona nyingine wakati wenzako wanaenda kununua mandazi.

Fumbo letu alianza kulitengeneza bila kompyuta. Kompyuta aliiheshimu kama watu wanavyoheshimu ng'ombe wa mtu mwingine: kwa mbali. Alichora mabomba kwa chokaa uani, juu ya ule mwamba mweusi ambao mlima ulitumwagia zamani, akaweka vizibo vya chupa za bia mahali pa vali, na maharagi yakawa mvuke. Muhindo alikuwa mtaa wa juu, mimi mtaa wa chini. Prof alikuwa tangi. Alisukuma maharagi kuelekea kwetu na sisi tukafungua na kufunga vizibo, na jirani zetu wakaegemea uzio wakisema wasomi wamepatwa na nini tena.

"Fumbo ambalo haliwezi kuchezwa na maharagi, hata shaba haitalisaidia," alituambia. Na ni kweli kwamba kabla ya jioni tuliona kosa letu. Mgawo wetu ulikuwa rahisi mno. Mtoto yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya maji na dumu lake angeumaliza mara moja. Tulicheka, tukafuta chokaa, tukaanza na kona nyingine.

Tukafika siku ya kujaribu. Wakati huo Katoyi ilikuwa imejaa watu waliokimbia vijiji. Katika chumba cha mbele cha Prof aliishi mama mmoja wa Rutshuru na watoto wake. Prof aliwakaribisha bila kuulizwa, kisha akalalamika kila siku kwamba wanammalizia sabuni. Mama huyo ndiye aliyekuwa mchezaji wetu wa kwanza. Tulimweka mbele ya kompyuta, tukamwonyesha vitufe, akajifunza upesi kuliko nilivyotegemea. Alifungua vali, akafunga nyingine, mtaa wa juu ukapata mvuke, tramu ikatembea, akacheka. Halafu presha ikapanda. Tulikuwa tumeweka filimbi ya hatari, na ukuta wote ukawa mwekundu.

Mama wa Rutshuru hakugusa vali tena. Alimgeuza yule mtu wa kwenye skrini, akamtoa nje kupitia mlango, akaturudishia kompyuta.

"Nimemaliza."

"Hapana, mama," Muhindo alisema, "umeshindwa. Ona, imeandika."

"Nimeshindwa namna gani? Si niko inje?"

Ule mlango Muhindo aliuchora kwa uzuri tu, kwa sababu chumba kisicho na mlango kinachukiza macho. Hatukufikiria kwamba mtu angeutumia. Tukamwita jirani mwingine, fundi cherehani. Filimbi ikalia, naye akatoka. Tukaita vijana wa kwaya. Wakatoka, na mmoja wao akajaribu kwanza kubeba kiti. Hadi mchana hakuna mtu wa Katoyi aliyebaki ndani ya chumba kile baada ya filimbi. Na kwa nini abaki? Kwetu watu wakifahamiana huulizana, "Nyinyi mulikimbilia wapi?" kama wengine wanavyoulizana shule walizosoma. Mlima ukinguruma unatoka. Mizinga ikilia unatoka. Sisi wenyewe, watengenezaji, tulikuwa tumekaa ndani ya mji huo huo na kutunga fumbo la watu ambao hawajawahi kusikia mlio wa hatari.

Muhindo alitaka kuufuta mlango. Prof, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye kigoda na kucheka hadi kufuta machozi, alinyanyua mkono.

"Acha mlango."

"Prof, watatoka wote."

"Watoke. Hakuna mutu amekosea hapa isipokuwa sisi."

Alijifungia na mchoro, na aliporudi kwetu fumbo lilikuwa jipya kabisa. Sasa vali ya mwisho, ile kubwa, inapata moto presha ikipanda, na hakuna mkono unaoweza kuizungusha. Ukibaki ndani ukaing'ang'ania, tangi linapasuka. Lakini ukitoka, mlango unapojifunga nyuma yako uzito unashuka, unavuta mnyororo, mnyororo unafungua bomba la usalama ambalo haliwezi kufunguka mtu akiwa ndani, kwa sababu lingemwunguza. Kila gurudumu lilizungusha kitu; alituonyesha moja baada ya jingine kwa ncha ya penseli. Mvuke unatoka, chuma kinapoa. Kisha unarudi ndani, unakuta kila kitu ulichokirekebisha kiko kama ulivyokiacha, unazungusha vali ya mwisho kwa mkono mtupu, na mji wote unapata mvuke. Kukimbia hakukuwa kushindwa tena. Ilikuwa nusu ya jibu, na nusu ya pili ilikuwa kurudi.

Nilimwambia ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora, na sikuwa namsifu ili atupe chai.

Muhindo aliongeza wazo lake. Kwa nini tusiweke saa? Mchezaji akichelewa nje, akirudi akute vali zimeibwa, au kutu, au watu wengine wamekalia chumba. "Kama hapa kwetu," alisema, akitabasamu.

"Hapana!" Prof alipiga meza. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile wala baada yake. "Hapa, mutu akirudi, akute vitu vyake. Akirudi kesho, akute. Akirudi muzee, akute. Hakuna saa!"

Muhindo akasema sawa, Prof, sawa. Aliondoka mapema. Mimi nilibaki kukusanya maharagi uani, na Prof akaja kunisaidia, ingawa kuinama kulimtesa. Alianza kusema bila mimi kuuliza.

Mkewe nilimjua kwa picha moja tu ukutani. Nilidhani aliugua nyumbani akafa, kama watu wanavyokufa. Prof aliniambia walitoka pamoja, katika vita vya zamani, wakapita Sake, wakapanda hadi Masisi, na binti yao mgongoni mwa shangazi.

"Siku ya pili mama ya batoto akasema turudi. Akasema hakuna kitu kule, watu wanarudi. Mimi nikasema bado. Tuende mbele kidogo, prudence, tuwe na tahadhari. Tukaenda mbele. Homa ikamushika. Tukamuzika kule juu, kwa misioni ya ba-père." Alidondosha maharagi machache ndani ya bakuli. "Nikarudi. Nyumba iko vile vile. Hata makala ya kupikia yenye tuliacha jikoni kwenye mbabula, hakuna mutu aligusa. Unaelewa? Hatukufukuzwa na kitu. Tangu siku ile sikimbie tena."

Na kweli hakukimbia tena. Mlima ulipotapika na mji mzima ukamiminika barabarani, yeye alikaa na redio yake. Watu wa mtaa walisema ni ushujaa, na wengine walisema ni kichaa cha uzee. Haikuwa hili wala lile. Nilimpenda sana jioni ile, na papo hapo nikaanza kumwogopea, kwa sababu nilielewa kwamba binti wa Kampala alikuwa anaomba kitu ambacho baba yake alikuwa ameapa kutokifanya.

Fumbo lilitupatia ugomvi mmoja. Ofisi moja ya mtaa wa Himbi ilikuwa inasaidia vijana waliotengeneza michezo, na bwana wa ofisi ile, mtu mwema wa Kinshasa, alikuja Katoyi kucheza chumba cha mvuke. Alibaki ndani hadi tangi likapasuka. Akaanza tena, likapasuka tena. Alikuwa shujaa wa ajabu. Alipigana na ile vali moto hadi jasho likamtoka. Tulipomwonyesha mlango alisukuma kiti nyuma.

"Hakuna mtu atakayefikiria kutoka," alisema kwa Kifaransa.

"Hapa Katoyi, hakuna mutu atafikiri kubaki," Prof alimjibu kwa Kiswahili.

Bwana aliomba tuweke mshale kuelekea mlango, ili wachezaji wa nchi nyingine wasikate tamaa. Prof alisema tukiweka mshale atatoa mkono wake katika kazi hii. Walivutana, kila mmoja na lugha yake, hadi chai ikapoa. Mwisho yule bwana alifuta miwani yake akasema, "Mimi sijawahi kukimbia, Prof. Labda ndiyo maana." Hakudai mshale tena. Prof alimsindikiza hadi barabarani, akamtafutia moto, yaani pikipiki, ya kumrudisha Himbi, na kumwonya dereva kwamba huyu ni mgeni, asimtembeze juu ya mawe.

Kisha vita vikafika. Sitaki kusema mengi. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawatapungukiwa. Kwa siku kadhaa tulisikia milio upande wa Sake, halafu ikawa karibu, na watu wakaanza kuelekea barrière, mpakani, na magodoro kichwani. Mama wa Rutshuru alikuwa ametangulia na watoto wake. Muhindo alikuwa Butembo kwa msiba wa shangazi yake, na kompyuta yetu moja alikuwa nayo. Binti wa Prof hakumpigia baba yake. Alinipigia mimi.

"Dada yangu, mutoe papa pale. Mimi nimeshindwa. Nimelia, nimekasirika, nimetuma padri. Nakuomba kwa Mungu."

Nilimkuta Prof ameketi mezani, koti mwilini, anachora. Kishindo kimoja kilitikisa mabati, na penseli yake ikasimama, kisha ikaendelea. Nilimsalimia. Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, ya afya, ya binti yake, ya risasi isiyochagua, na yote yalinitoka kichwani.

"Prof, tutoke."

"Toka wewe. Uko kijana."

"Wewe ndiye uliweka mlango."

Akaweka penseli chini. "Ule ni mchezo, Enjenyere." Hivyo ndivyo alivyoniita, yaani injinia, nusu kwa heshima na nusu kwa utani.

"Najua ni mchezo. Lakini uliuweka kwa watu wote, na wewe umekataa kupita."

Mabati yakatikisika tena. Prof alitazama picha ya mkewe ukutani kwa muda mrefu, na mimi nilitamani kumshika mkono na kumburuta, lakini Prof wa Deseni hakuwa mtu wa kuburutwa.

"Na kurudi?" aliuliza.

"Tutarudi."

"Nani atanirudisha?"

"Mimi, Prof. Mimi mwenyewe."

Nilimaanisha. Hadi leo naweza kuapa kwamba nilimaanisha. Alinyanyuka, akazima redio, akafunga madirisha moja moja kama mtu anayeenda sokoni. Tulitembea na umati hadi barrière. Miguu yake ilimuuma na alikataa kuegemea. Usiku wa pili tulikuwa ndani ya basi la Kampala, na binti yake alitupokea kituoni akiwa amevaa kandambili mbili tofauti.

Nilibaki Kampala mimi pia. Nilipata pa kulala kwa Wakongo wenzangu upande wa pili wa mji, na kazi ya kutengeneza kurasa za maduka kwenye mtandao. Goma iliangukia mikono mingine. Habari zilikuja vipande vipande: uwanja wa ndege umefungwa, fulani amerudi, fulani aliyerudi hajulikani alipo, soko limefunguka, mtaa fulani si wa kutembea. Muhindo alimalizia mchezo akiwa Butembo, na mimi nikiwa Kampala, tukitumiana kazi mtandao uliporuhusu. Chumba cha mvuke tulikiacha kama Prof alivyokichora, mlango bila mshale, nje bila saa. Watu wa mbali waliocheza walituandikia kwamba fumbo lile limewashinda. Kutoka Beni, Bukavu na kambi za wakimbizi hakuna aliyelalamika.

Mwanzoni nilimtembelea Prof mara kwa mara. Alikaa ghorofani kwa binti yake, kwenye kiti kilichotazama ngazi. Alikuwa na adabu ya mgeni: alishukuru kwa chakula, alikunja shuka zake, hakuwasha redio. Hakuiba kwenye dama. Nilihamisha kete yangu mwenyewe makusudi ili anishike, naye akaendelea kucheza kama hakuona. Binti alisema, "Unaona, ametulia," na mimi nikasema ndiyo, na moyo ukaniuma, kwa sababu sikuwahi kumjua mtu yule aliyetulia.

Kisha kazi ikanibana na miezi ikapita. Mchezo ulipokamilika nilimpigia binti nikamwambia nitakuja Jumamosi asubuhi, nina kitu cha kumwonyesha Prof.

Nilipopanda ngazi nilimkuta amekaa karibu na mlango ulio wazi. Alikuwa amevaa koti la kahawia, ndevu zimenyolewa, viatu vimepakwa rangi, na mkoba wake ulikuwa magotini.

"Enjenyere. Nilisema utakuya."

"Nimekuletea mchezo, Prof. Umekwisha."

"Utanionyesha kule Goma." Akashika ukingo wa kiti ili anyanyuke.

Nyuma yake binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi. Alinitikisia kichwa polepole. Baadaye aliniambia kwamba kila mara aliposikia jina langu kwenye simu, baba yake alikwenda kunyoa ndevu.

"Prof," nilisema, "kule bado si kuzuri."

"Nani amesema?"

"Watu. Redio. Wote wanaotoka kule."

"Wewe umefika?"

"Hapana."

Alimgeukia binti yake. "Na wewe, mama, umefika?" Binti alikunja kitambaa chake. Prof akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kama alivyokuwa anafanya darasani tukimletea jibu la kuokota. "Basi humu ndani hakuna mutu anajua."

"Papa, kuko hatari. Tungoje kidogo. Bado."

Prof aliketi tena. Nilidhani tumeshinda, na nilijichukia kwa kufurahi. Alimtazama binti yake, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ndogo hata kuliko kawaida.

"Hii neno nilimwambia mama yako. Masisi. Siku ya pili alitaka turudi, na njia ilikuwa wazi. Mimi ndiyo nilisema bado."

Binti yake aliketi chini, pale pale kwenye sakafu, na kitambaa mkononi. Nilijua kwa uso wake kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa. Alikuwa mtoto mgongoni mwa shangazi. Aliambiwa homa, na homa ilikuwa kweli. Nililia mimi. Yeye hakulia. Prof alisubiri, mikono juu ya mkoba, na chini barabarani pikipiki zilipita na kupita.

"Sikuomba unipeleke pahali pazuri," aliniambia mimi, taratibu. "Ulisema utanirudisha."

"Nilisema."

Binti alinyanyuka akaingia jikoni. Tulisikia maji, kisha sufuria, kisha kabati. Alirudi na mikate na mayai ya kuchemsha, amevifunga ndani ya kile kitambaa, akaviweka ndani ya mkoba wa baba yake. Akapiga magoti, akamkazia kamba za viatu, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba naye alikuwa amezifunga vibaya.

"Mukifika munipigie," alisema. "Hata kama ni mbaya, munipigie."

Prof alimwekea mkono kichwani, akauacha pale. Kisha akanyanyuka. Nikachukua mkoba wake, maana ngazi za jengo lile ni ndefu na yeye alihitaji mikono yote miwili.